Nilimwomba mwanangu msamaha

Mhariri,

Mimi ni fundi seremala hapa Morogoro. Mwezi uliopita nilimchapa mwanangu wa miaka 11 kwa sababu ya chenji ya shilingi 2,000 niliyoamini ameila. Kesho yake mke wangu alipofua suruali yangu ya kazi, hela ikaonekana mfukoni, imekunjwa pamoja na risiti ya misumari.

Nilinyamaza siku tatu. Nililelewa nikijua baba hamwombi mtoto radhi. Jumamosi alfajiri jumuiya ndogondogo ikasali kwetu, somo likawa Waefeso sura ya 6. Mstari wa 1, watoto wawatii wazazi, naujua kwa moyo. Wa 4, unaowakataza akina baba kuwachokoza watoto wao, haujawahi kusomwa nyumbani mwangu, maana msomaji ni mimi.

Watu walipoondoka nilimwita karakana. "Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe." Akainama, akasema, "Nimekusamehe, baba," kisha akauliza kama anishikie ubao.

Nawaomba viongozi wa jumuiya wasiwatoe watoto nje tunapoanza tafakari. Wangu alikuwa uani siku ile, na somo lile lilikuwa lake pia.

Baba wa watoto watatu,
Morogoro