Herufi nene ni ya jina, si ya tangazo zima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie herufi. Nimechora majina ya mashua na vibao vya maduka hapa Lamu kwa miaka 31, zamani kwa brashi tupu, siku hizi kwa kompyuta pia. Kuna jambo linaniuma kila ninapopita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu wa kale.

Mwezi uliopita palibandikwa tangazo la kukatwa maji. Lote, tangu kichwa hadi mahali pa sahihi, liliandikwa kwa herufi moja nene sana yenye serifu, yaani ile miguu midogo inayotokeza kwenye ncha za herufi. Shangazi yangu alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena, mwisho akamwomba mtoto wa shule amsomee. Mtoto akasoma tarehe 8. Kumbe ilikuwa tarehe 3. Maji yalikatika mitungi ikiwa mitupu.

Simlaumu mtoto. Katika herufi za namna ile, ncha za 3 huishia kwa vidonge vinene, na uwazi wa upande wa kushoto hubaki ufa tu. Ukiuchapa mdogo, wino unauziba na 3 inakuwa 8. Herufi za kawaida zinapata shida hiyo hiyo. Chukua neno "yatakapofungwa": lina herufi 14, na 7 kati yake, yaani a nne, p, o na g, zina tundu ndani. Kila mkono wa herufi ukinenepa, tundu linapungua. Kiswahili kimejaa irabu, kwa hiyo sisi tunaumia mapema. Na hizo m na w, ambazo ndizo pana kuliko zote, kwetu ziko kila mahali: mwanamke, wamwambie, mwamba. Ukizinenepesha, neno moja linakula mstari mzima.

Herufi hizi hazikuzaliwa kwa ajili ya kusomwa aya kwa aya. Mwanzoni mwa karne ya 19, watengenezaji wa herufi London, akiwemo Robert Thorne, walichukua umbo la herufi za vitabu za wakati wao, wakainenepesha nguzo mpaka ikawa kama boriti, huku mistari ya kuunganisha ikibaki kama uzi. Zilikuwa za mabango ya ukutani, bahati nasibu na maonyesho: neno moja au mawili, mpita njia ageuke. Mwaka 1827 huko New York, Darius Wells akaanza kuzitengeneza kwa mbao kwa wingi, kwa sababu herufi kubwa ya risasi ilikuwa nzito na ghali. Fundi yeyote wa milango wa hapa angeielewa kazi ile kwa kuitazama tu.

Sizichukii. Nazipenda mno, ndiyo maana nimeamua kuandika. Jina la mashua linataka herufi nene, kwa kuwa linasomwa kutoka ng'ambo ya maji, chombo kikiyumba na jua likipiga machoni. Lakini hapo pia nimejifunza kuchagua. Ile yenye mistari ya uzi haifai baharini: chumvi na jua huanza na uzi, na baada ya msimu mmoja unabaki na nguzo zilizosimama peke yake bila kushikana. Kwa mashua nafuata umbo la Cooper Black, aliloliunda Oswald Cooper wa Chicago, likatoka mwaka 1922. Unene wake na wembamba wake havipishani sana, na miguu yake imeviringwa kama mito ya kulalia. Rangi ikichubuka kidogo pembeni, jina bado linasomeka. Chini ya o na ya u naishusha brashi chini ya mstari kwa unene wa ukucha, la sivyo jicho linaziona zimepanda juu ya wenzake. Alama ya ng' naiachia nafasi yake, isibanwe ikaonekana donge la rangi lililodondoka.

Ndani ya mji ni habari nyingine. Vichochoro vyetu ni vya punda wawili kupishana kwa shida, na msomaji yuko hatua mbili kutoka ukutani. Anayetundika bango la plastiki lenye herufi za kuonekana kutoka Manda, kisiwa cha ng'ambo, tena juu ya mlango wa nakshi, anampigia kelele mtu aliyesimama puani pake. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na ile milango ni sehemu ya sababu.

Ombi langu kwa ofisi zinazotoa matangazo ni dogo. Herufi nene ibaki kwenye kichwa: MAJI, CHANJO, MKUTANO. Maelezo yaandikwe kwa herufi ya kawaida ya kitabu, yenye nafasi ya kutosha kati ya mistari, na tarehe iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno pia. Waliobandika lile la maji wakitaka, nitawapangia la pili bila malipo. Nipo Langoni kila siku baada ya alasiri.

Mchora mabango,
Langoni, Lamu