Kabla hujapandisha baiskeli yako Lushoto

Lushoto, mwisho wa Juni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi huku ni wazima, ila baridi imeshika kwelikweli. Ukungu unakaa bondeni hadi saa tatu, saa nne za asubuhi, na bibi yako hatoki jikoni mpaka alione jua. Ujumbe wako tuliupata. Mama yako aliusoma kwa sauti pale ulipoandika kwamba umenunua baiskeli ya mtumba ya milimani, yenye gia na shokapu mbele, na kwamba likizo hii ndefu wewe na wenzako wawili mnataka kuzunguka vilima vyetu vyote hadi chuo kifunguliwe. Alipomaliza akanitazama mimi. Ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza ujue sikukatazi. Nimefurahi sana, mama. Mimi nimekulia juu ya baiskeli katika milima hii, ingawa yangu haikuwa na gia: ilikuwa ile nyeusi nzito, breki zake za vyuma virefu, keria pana nyuma ya kubebea mzigo. Nilianza kuiendesha kwa kupitisha mguu chini ya bomba la fremu, maana siti sikuifikia. Nilipomaliza shule nikawa mmoja wa vijana waliokuwa wakishusha kabichi na karoti hadi sokoni, magunia mawili nyuma na kamba imekazwa mpaka inalia. Kwa hiyo ninayokuambia sikuyasikia kwa mtu.

Kipindi mlichochagua ndicho chenyewe. Masika imekwisha, tope limekauka, njia zimekuwa ngumu, na vuli haitufikii kabla ya Oktoba. Jua la huku halichomi kama la Dar. Mtu anapanda kilima saa sita mchana na jasho linakauka papo hapo. Lakini raha hasa iko alfajiri. Utatoka ukungu umefunika kila kitu, huoni zaidi ya tairi lako la mbele, unasikia majogoo ya kijiji usichokiona, na harufu ya mikaratusi iliyolowa. Unapanda, pumzi inakuwa nzito, halafu ghafla kichwa kinatokeza juu ya ukungu kama mtu anayetoka majini, na vilele vyote vya Usambara viko mbele yako vimekauka na kung'aa. Nimeona jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado nikiwa peke yangu husimama nikaangalia.

Anzeni na Irente. Ni kilomita sita hivi kutoka mjini, mnapanda taratibu katikati ya migrivea na mashamba ya maharage, watoto wakiwakimbilia. Mkifika kwenye jiwe, ardhi inakatika. Chini kabisa ni Mazinde na mistari ya mkonge, kisha nyika inaendelea mpaka macho yanachoka. Kutoka pale hadi bondeni ni karibu mita 1,000, kwa hiyo baiskeli zilazeni mbali na ukingo, msizisogeze kwa ajili ya picha.

Miguu ikishazoea, pandeni Magamba. Huko ndiko msitu wa asili ulikobaki, mikulo mirefu iliyoota ndevu za kuvu, na mbega wanaoruka juu yako mikia myeupe ikipepea. Ni hifadhi, ina kiingilio na taratibu zake. Piteni ofisini kwanza muulize ni njia ipi baiskeli inaruhusiwa. Na mkipata siku tatu, nendeni Mtae kupitia Lukozi. Ni kama kilomita 60 za kupanda na kushuka, kushuka na kupanda. Mkifika mtakuta kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, bonde huku na bonde huku. Chini ni nyika ya Mkomazi, na asubuhi hewa ikiwa safi Kilimanjaro huonekana.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonikalisha niandike.

Zile video ulizonitumia nimeziangalia zote, za vijana wa Ulaya wanaoshuka milimani kwa kasi, wanaruka mizizi, wanalala kwenye kona. Wana ustadi, siwapunguzii. Lakini njia zao zimechongwa kwa ajili ya baiskeli, zina vibao, na mtu akiingia humo anajua alichokifuata. Za kwetu hakuna aliyezichonga kwa ajili ya mchezo. Kila njia unayoiona ikiteremka kilimani huku ilifunguliwa na nyayo: hii inakwenda chemchemi, hii shuleni, hii shambani, hii msikitini, hii makaburini. Zile za upande wa Vuga zilipitiwa na watu waliokuwa wakipeleka mashauri yao kwa mfalme wa Wasambaa, Simbamwene Kimweri, kabla Mjerumani hajaja na kuuita mji wetu Wilhelmstal. Wewe unapoteremka kwa kasi kwenye kona, anayepanda upande wa pili ni mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, asiyeweza hata kugeuza shingo.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Nilikuwa na miaka 19. Siku hiyo nilikuwa nimeuza mzigo wote, keria tupu, hela mfukoni, moyo mwepesi. Chini ya nyumba ya babu yako, pale njia inapouzunguka mkuyu kabla ya kufika chemchemi, nikaiachia baiskeli. Bibi mmoja alikuwa anapanda na ndoo ya maji. Nilimwona gurudumu la mbele limeshamfikia. Mungu alimnusuru, sikumgonga mwilini, lakini usukani uliikamata ndoo, ndoo ikamvuta, akaanguka chini kwa goti. Maji yote yakamwagika. Nayaona hadi leo yalivyokwenda kwenye vumbi, yakijikunja na kubeba majani makavu, na ngata yake ya majani ya mgomba ikaelea kidogo halafu ikakwama kwenye jiwe.

Hakupiga kelele. Aliikamua kanga yake iliyolowa, akanitazama, akasema, "Mwanangu, mimi nilishapanda."

Sikuwa na jibu. Niliichukua ndoo nikashuka nayo chemchemi, nikaijaza, nikaipandisha kichwani mpaka mlangoni kwake. Baiskeli niliiacha imelala palepale. Shingo iliniuma, magoti yalitetemeka, na nusu ya maji ilinimwagikia mgongoni, ikabidi nirudi mara ya pili. Kilima nilichokuwa nakishuka kufumba na kufumbua, kwa ndoo kilinichukua karibu nusu saa. Kesho yake nikaenda tena kumchotea, na siku zilizofuata, mpaka goti lake lilipopona. Akawa ananikaribisha chai. Alipofariki, miaka mingi baadaye, nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Kwa hiyo, mama, funga kengele kwenye usukani na uipige ungali mbali, siyo ukiwa mgongoni kwa mtu. Ukikutana na mwenye mzigo, simama, weka mguu chini, sogeza baiskeli upande wa bonde na umwachie yeye upande wa mlima. Msalimie kwa Kisambaa, hata kama chako kimepata kutu huko Dar. Ukimkuta mzee, shuka kabisa. Waambie na wenzako, maana wao ni wageni na hawatajua.

Juu ya breki nataka nikueleze vizuri, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi huumia. Punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, lakini ibane pole pole, huku matako yako yamerudi nyuma ya siti na pedali ziko sawa kwa sawa. Ya nyuma ndiyo inayodanganya watu: unaibana, tairi linafunga, linaburuza, unajiona unasimama kumbe unateleza. Macho yatupe mbele, kule unakotaka kwenda. Ukilitazama shimo utaingia shimoni.

Na tairi likiburuza, linachimba. Usilione hilo kuwa dogo. Udongo wa milima hii una historia ndefu. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliwalazimisha wazee wetu kulima matuta, wakagoma, na babu yako aliniambia kilichowaudhi ni kuamrishwa juu ya mashamba yao wenyewe. Baadaye, tangu miaka ya 1980, wakulima walipanda wenyewe majani ya guatemala na miti kufuata kontua, yaani kwa mistari inayokingama mteremko, na mashamba mengi unayoyaona yamesimama kwa sababu hiyo. Tairi lako likiacha mfereji kwenye mteremko, wenye upana wa vidole vinne tu, mvua za vuli zitapita humohumo, na mwaka wa pili ni korongo. Mwenye shamba ndiye atakayelijaza kwa jembe. Usikate kona kupitia kwenye matuta ya mtu, hata kama njia ya mkato inakuita.

Barabara ya lami kutoka Soni hadi Mombo, hiyo msiishuke kwa baiskeli bila mimi. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari na Mombo ni karibu mita 1,000 chini yetu, na mteremko wote huo ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, malori ya mboga yakiteremka nyuma yako. Siku moja nilishuka na magunia, na nusu ya njia nikasikia harufu ya raba za breki zinaungua. Nilisimama nikazimwagia maji ya kunywa, zikatoa mvuke kama jiko. Breki zako za diski zina nguvu kuliko zangu, lakini nazo hupata moto; usiziguse kwa mkono baada ya mteremko mrefu.

Katika hilo nilisoma habari iliyonigusa. Mwaka 1976 vijana wa California, karibu na mlima Tamalpais, walianza mashindano ya kushuka njia moja ya vumbi wakiwa na baiskeli kuukuu nzito, zinazofanana na yangu. Breki zao zilikuwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Zilipata moto mpaka grisi ikaungua na kutoa moshi, na kila baada ya mteremko iliwabidi wafungue habu waipake grisi upya. Njia yenyewe ikaitwa Repack, kwa sababu ya kazi hiyo ya kujaza grisi upya. Miaka 20 baadaye, Atlanta, mbio za baiskeli za milimani ziliingia kwenye Olimpiki. Niliposoma nilikumbuka ile harufu ya barabara ya Soni, nikajua hasa vijana wale walikuwa wanasikia nini puani.

Upande wa kupanda sina wasiwasi na wewe, una mapafu ya bibi yako. Gia nyepesi iweke kabla kilima hakijakushika, maana ukibadilisha huku umekanyaga kwa nguvu zote mnyororo utakatika. Na kilima kikikushinda, shuka usukume. Hakuna wa kukucheka huku, sote tumesukuma.

Njoo na tyubu mbili za ziada. Fundi wetu wa pale sokoni ana viraka na solusheni, lakini tyubu ya saizi uliyonitajia hana, nimemuuliza. Upepo usijaze tairi likawa jiwe. Ukibonyeza kwa dole gumba libonyee kidogo, ndipo linashika njia. Ukipunguza mno, tyubu itabanwa kati ya jiwe na ringi na utakuta imetoboka matundu mawili sambamba. Kofia ngumu ivae kila safari, hata ya kwenda dukani. Sweta na koti la mvua mfukoni, kwa sababu ukungu wa jioni haupigi hodi.

Kutoka Dar shukeni Mombo, baiskeli mzipakie juu ya gari, msianze kupanda na uchovu wa safari. Nitawangoja stendi ya Lushoto. Wenzako watalala chumba cha kaka yako, wakipenda. Siku ya pili twende wawili, wewe na mimi, kabla hamjaanza mizunguko yenu. Ile nyeusi yangu bado ipo ghalani. Wiki iliyopita nimeibadilisha mnyororo na raba za breki. Tutateremka hadi kwenye mkuyu, pale tutashuka na kuzisukuma hadi chemchemi. Wajukuu wa yule bibi bado wanachota palepale, saa kumi na mbili asubuhi na tena jioni wakitoka shule. Nataka wakujue kwa sura, wakuzoee, ili wakisikia kengele yako wajue ni nani anayekuja.

Mama yako anasema usisahau soksi nzito.

Ni mimi,
Baba yako