Mama anayevuja damu na lawama za ketamini

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu lalamiko nililolisikia wodini miaka mingi, na sasa nalisikia hata kwenye daladala: kwamba hospitali za wilaya zinawachoma wagonjwa dawa ya kuwatia wazimu, wakati mijini kuna dawa nyeupe kama maziwa inayomlaza mtu kwa utulivu. Inayolaumiwa ni ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji. Mimi ni muuguzi mstaafu wa nusukaputi, yaani wa kulaza wagonjwa usingizi wa upasuaji, na dawa zote mbili nimezitumia.

Mtu akipoteza damu, mwili haukai kimya. Kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na ule unaotoka moyoni kuna vipokezi vinavyopima presha muda wote. Presha ikitaka kushuka, shina la ubongo linapata taarifa. Moyo unakwenda mbio, mishipa ya mikono na miguu inabana, na damu iliyobaki inatunzwa kwa ajili ya ubongo na moyo. Ndiyo maana mama ambaye mimba imetunga nje ya kizazi na kupasuka anaweza kufika mapokezi anaongea, viganja vya baridi, mapigo 130, presha bado inasomeka. Asiyejua atasema ana nguvu. Hana. Anashikiliwa na neva zake tu.

Sasa mchome propofoli, ile nyeupe, kwa kipimo cha mtu mzima mwenye afya. Inalegeza mishipa na hapohapo inadhoofisha ule mwitikio wa neva, hivyo moyo hauongezi mbio inavyotakiwa. Halothani nayo, gesi tuliyoitegemea miaka na miaka, hupunguza nguvu ya moyo. Nimeona presha ikiporomoka kabla daktari hajashika kisu.

Ketamini huchochea neva hizo. Mapigo na presha hupanda, na kwa kawaida mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe, jambo kubwa sana mahali ambapo umeme unakatika katikati ya upasuaji. Ina mpaka wake: aliyevuja damu muda mrefu mno hana tena akiba ya kuchochewa, naye presha yake huweza kushuka. Kwa hiyo msimcheleweshe nyumbani. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka ketamini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 1985, na China ilipopendekeza mwaka 2015 idhibitiwe kimataifa kwa sababu ya wanaojilevya nayo, WHO ilishauri isifanyike hivyo.

Kuweweseka kupo, sikatai. Mgonjwa anazinduka akimwita marehemu bibi yake, macho yanacheza, na ndugu wanaanza kutaja majirani. Hali hiyo hupita, mara nyingi ndani ya saa chache. Diazepamu kidogo, yaani dawa ya kutuliza, mahali palipo kimya, asishikweshikwe. Kinachoniuma ni kwamba ndugu hawaambiwi mapema. Usiku mmoja nilimweleza mume kabla hatujamwingiza mkewe thieta. Mama alipoanza kuimba nyimbo za kwaya zikichanganyikana, yule bwana hakutaharuki. Yeye ndiye aliyewazuia shemeji zake wasimketishe anywe chai, maana presha ya aliyetoka kwenye nusukaputi huweza kushuka ghafla akiinuliwa.

Nawaomba waganga wafawidhi wahakikishe maelezo hayo yanatolewa kila mara, hata saa nane usiku. Nanyi ndugu wa wagonjwa, msimshinikize mtu wa usingizi abadilishe dawa kwa mama anayevuja damu. Mtajieni dawa za presha anazotumia na saa aliyokula mara ya mwisho, kisha mwacheni achague.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro