Anayekwenda kusoma Ujerumani atafute kwanza chumba cha kujiandikishia

Mhariri,

Kila msimu wa maombi ya vyuo, kurasa za elimu hujaa maelezo ya namna ya kupata nafasi na visa ya kusoma Ujerumani. Maelezo hayo huishia uwanja wa ndege. Yanayomkwamisha kijana huanzia hapo, na mengi yana chanzo kimoja: amefika bila chumba ambacho mwenye nyumba yuko tayari kumsainia karatasi.

Sheria ya huko inamtaka kila anayehamia kwenye nyumba ajiandikishe ofisi ya mji ndani ya wiki mbili. Huko huitwa Anmeldung. Pasipoti peke yake haitoshi, wala mkataba wa upangaji. Inatakiwa fomu ya Wohnungsgeberbestätigung, yaani uthibitisho kwamba umehamia kwake, yenye saini ya mwenye nyumba. Bila cheti cha Anmeldung benki nyingi hazimfungulii mgeni akaunti, na bila akaunti ya kawaida fedha za Sperrkonto, ile akaunti iliyofungwa ambayo ubalozi ulidai iwekwe fedha za kujikimu za mwaka mzima, hazitoki. Kijana anakuwa na yuro 11,904 kwa jina lake na anakopa nauli ya tramu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayekupangisha lisiwe bei. Muulize kama utaweza kufanya Anmeldung kwenye anwani hiyo, na akujibu kwa maandishi. Hosteli na vyumba vingi vya kukodi kwa wiki chache hukataa. Pa uhakika zaidi ni mabweni ya Studierendenwerk, shirika la huduma kwa wanafunzi, ambayo huwa nafuu kuliko vyumba vya mitaani. Lakini foleni yake katika miji mikubwa ni ndefu, hivyo omba mara tu barua ya chuo inapofika, usingoje visa. Na anayedai yuko nje ya nchi, kwamba utume dhamana naye atakutumia ufunguo kwa posta, ni tapeli. Hakuna chumba hapo.

Tuje kwenye fedha, maana hapa familia nyingi hukosea hesabu. Sperrkonto hutoa yuro 992 kwa mwezi, basi. Wapo wanaochangisha ukoo mzima ili kuijaza, kwa ahadi ya kurudisha visa ikishatoka. Ahadi hiyo haitekelezeki: fedha zimefungwa, na hizo 992 ndizo chakula na kodi. Bima ya afya ya umma kwa mwanafunzi inakula takriban 140 kila mwezi. Dhamana ya chumba inaweza kufika kodi ya miezi mitatu, ingawa sheria inamruhusu mpangaji kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi. Kuna pia ada ya muhula, ambayo hulipwa hata pale masomo yanapoitwa ya bure. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza pia wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya ada ya masomo ya yuro 1,500 kwa muhula. Fedha za mwezi wa kwanza na wa pili zitengwe nje ya Sperrkonto, la sivyo mtoto atapiga simu nyumbani kabla hajafungua begi.

Bima ya safari iliyotumika kuombea visa haimsajilishi mtu chuoni. Aliye chini ya miaka 30 ajiunge na bima ya umma, ambayo yenyewe hupeleka taarifa chuoni. Akishawishiwa na bima binafsi ya bei rahisi na kuomba msamaha wa ile ya umma, kurudi wakati bado anasoma ni vigumu mno.

Halafu kuna jambo linaloonekana dogo: jina kwenye sanduku la barua. Posta ya Ujerumani hufuata jina, haifuati namba ya chumba. Kadi ya benki, namba yake ya siri, kadi ya bima na namba ya mlipakodi huja kwa barua tofauti, siku tofauti. Kama jina halijabandikwa, au limebandikwa la utani, zinarudi zilikotoka. Bandika jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, siku ile ile ya kuhamia.

Majira ya baridi madirisha yafunguliwe wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, kisha yafungwe. Mvuke wa ugali na nguo zinazoanikwa chumbani hugeuka ukungu ukutani, na gharama ya kuuondoa inaweza kukatwa kwenye dhamana.

Chuoni kinachowaponza wetu ni uhuru. Mihadhara mingi haichukui mahudhurio, na katika masomo mengi hakuna majaribio ya katikati ya kujazia alama. Mtihani mmoja wa mwisho unabeba yote. Katika vyuo vingi mwanafunzi lazima ajisajili mwenyewe kwa mtihani huo kwenye mfumo wa chuo, wiki kadhaa kabla. Muda ukipita hukai kwenye mtihani, hata kama hukukosa kipindi. Alama bora ni 1,0 na ya mwisho kufaulu ni 4,0. Mara nyingi mtihani hurudiwa mara mbili tu, na anayefeli jaribio la mwisho anaweza kufungiwa kozi hiyo katika vyuo vingine vya nchi pia.

Kazi inaruhusiwa siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Wazazi wasiihesabu kama ada.

Visa ya kuingilia kwa kawaida ni ya miezi michache, na miadi ya ofisi ya wageni huchelewa. Maombi ya kibali cha ukaazi yapelekwe kabla visa haijaisha, na ushahidi wa kuyapeleka utunzwe. Kibali kikifika wakati wa kuongezwa, ofisi hiyo itataka tena kuona fedha za mwaka unaofuata. Familia iliyouza kiwanja kwa ajili ya mwaka wa kwanza ijue hilo kabla ya kukiuza.

Msomaji wako,
Leipzig, Ujerumani