Barua kwa mpwa wangu anayelinganisha visasili

Mpwa wangu mpendwa,

Rasimu yako nimeisoma mara mbili, na jedwali lake nimelitazama mara nyingi zaidi, kwa kuwa ndilo linalobeba insha nzima: Wakikuyu safu ya kwanza, Waganda ya pili, Wababeli ya tatu, na chini ya kila jina umeorodhesha mungu, mtu wa kwanza, mwanamke wa kwanza na kosa la kwanza. Umejituma, nalikiri hilo. Nakujibu hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako uliyepewa swali hili la kulinganisha visasili muhula huu, na nahisi majedwali ya namna hii ni mengi.

Mwalimu aliyetufundisha fasihi simulizi alizoea kusema kwamba kisasili ni kisa cha asili. Tuliliandika daftarini, tukalikariri, wala hakuna aliyeinua mkono kuuliza: asili ya nini? Nawe hujauliza. Hadithi zote tatu umeziita masimulizi ya kuumbwa kwa dunia, ilhali Kintu, mtu wa kwanza wa Waganda, anapofika Buganda nchi ipo tayari, na ng'ombe wake yupo naye.

Mtazame kwanza Gikuyu, mtu wa kwanza wa Wakikuyu. Ngai, Mungu wao, anampandisha kilele cha Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, anamwonyesha nchi, kisha anamwelekeza penye mikuyu, Mukurwe wa Nyagathanga, anakomkuta Mumbi. Wanazaa mabinti tisa, ambao huhesabiwa kuwa tisa kamili, yaani pamoja na wa kumi asiyetajwa, maana kuhesabu watu kwa idadi yao halisi ni mwiko. Safu yako imeishia hapo, na hapo ndipo hadithi inapoanza kunoga. Koo zinabeba majina ya mabinti hao, na wanawake wanatawala mpaka wanaume wanapokula njama ya kuwapa wote mimba wakati mmoja, kisha wanawapindua wakiwa wazito. Wanaume wanafanikiwa kubadili utawala, lakini wanapotaka kubadili na majina ya koo, wanawake wanatishia kutozaa tena, na majina yanabaki. Hiki basi ni kisa cha asili ya koo na ya haki ya ardhi, na kinaeleza jambo ambalo Mkikuyu yeyote angeliona nyumbani kwake: kwa nini wanaume wanarithi ardhi katika koo zenye majina ya wanawake.

Uliza pia nani aliandika, na lini. Simulizi uliyoitumia ni ile aliyoichapisha Jomo Kenyatta mwaka 1938, baada ya kusoma anthropolojia London chini ya Bronislaw Malinowski. Mtu huyo huyo alikuwa ametumwa Uingereza mwaka 1929 na Kikuyu Central Association, chama cha kisiasa cha Wakikuyu, kupeleka malalamiko ya ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Ukilijua hilo, sentensi ya Ngai akimkabidhi Gikuyu nchi haisomeki tena kama pambo la utangulizi. Sisemi kwamba aliitunga. Nasema kwamba alijua anaiandika mbele ya nani.

Kuhusu Kintu, umeandika kwamba mkewe Nambi ni "Hawa wa Waganda". Sentensi hiyo ifute. Ggulu, babaye Nambi, anawaambia wawili hao waondoke mbinguni upesi na wasirudi hata wakisahau kitu, kusudi Walumbe asiwafuate. Njiani wanakumbuka nafaka ya kuku wao, ulezi, Nambi anarudi kuuchukua, na Walumbe, ambaye ndiye kifo, anaandamana naye. Hakuna tamaa hapa wala kufukuzwa bustanini, kwani walikuwa wameshaaga na kuondoka. Kuna kuku anayehitaji kula. Isitoshe, yapo masimulizi ambamo Kintu mwenyewe ndiye anayerudi huku mkewe akimsihi asirudi. Ukichagua simulizi moja bila kuitaja nyingine, lawama umeitwisha wewe, si Waganda.

La kunikaa zaidi moyoni ni hili: Walumbe ni kaka yake Nambi, kwa hiyo ni mjomba wa watoto. Anafika kwa shemeji yake, anaomba apewe mtoto mmoja wa kumsaidia kazi, ananyimwa, ndipo watoto wanapoanza kufa. Kayikuuzi, kaka yake Walumbe, anatumwa amrudishe mbinguni, lakini watoto wanapiga kelele walizokatazwa, na Walumbe anajichimbia ardhini huko Ttanda. Kifo cha Waganda kimeingia nyumbani kwa njia ya ukwe, kikiwa na madai ya jamaa. Naliandika hili kwa haya kidogo, mimi nikiwa mjomba.

Wababeli usiwatafutie mtu wa kwanza, kwa sababu shairi lao la mabamba saba ya udongo haliwajali sana watu, ambao wanaumbwa kwa damu ya Kingu, mungu aliyeshindwa vitani, ili wawafanyie miungu kazi. Linalojaliwa ni namna Marduk, mungu wa Babeli, anavyokubali kupigana na Tiamat, mungu wa kike wa bahari, kwa sharti la kufanywa mfalme wa miungu. Lilisomwa Babeli katika sikukuu ya mwaka mpya, na Waashuri walipolinakili, mahali pa Marduk waliweka jina la mungu wao, Ashur. Kwa kubadilisha jina moja tu, Waashuri wamekuonyesha wenyewe kuwa hiki ni kisa cha asili ya kiti cha enzi.

Sasa unazo asili tatu: ya koo na ardhi, ya kifo, na ya ufalme. Hizo zilinganishe, kwa kueleza kila jamii ilihitaji kueleza nini hata ikaanzia pale ilipoanzia. Kama maneno yatakuzidia, waondoe Wababeli, kwani Gikuyu na Kintu wanatosha kuijaza insha yako.

Nitumie rasimu ya pili kabla ya Ijumaa. Jedwali nimeshalifuta katika nakala yangu.

Mjomba wako, asiyedai mtoto wala kuku.