Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora: Hewa ya wanaoishi kando ya barabara kuu Nzega

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: MAOMBI YA KUPIMA HEWA NA KUTENGA ENEO LA KUEGESHA MALORI

Nakuandikia nikiwa mkazi wa Nzega Mjini, mahali ambapo barabara itokayo Tabora inakutana na barabara kuu inayotoka Dar es Salaam na Dodoma, kupitia Singida na Igunga, kuelekea Isaka, Kahama na mpaka wa Rusumo. Hapa hupita mafuta na makontena ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, na hakuna asiyejua kwamba nyumba zetu za wageni, mafundi wetu wa pancha na mama lishe wetu wanaishi kwa malori hayo. Siombi yazuiwe. Ninachoomba ni kwamba hewa tunayoivuta ipimwe, na malori yatengewe mahali pa kulala mbali na nyumba na shule, kabla ujenzi zaidi haujasogea ukingoni mwa lami.

Jua linapozama malori hujipanga kando ya barabara, na madereva wengi huacha injini zikiunguruma, mmoja akijaza upepo wa breki, mwingine akitaka kiyoyozi, mwingine kwa mazoea tu. Mama lishe hukoka majiko yao hatua chache kutoka kwenye mabomba ya moshi, kwa kuwa wateja wao ndio hao madereva na utingo wao. Anayetaka kujua kinachoingia vifuani mwao na atazame mifuniko ya sufuria na madirisha ya nyumba za mstari wa mbele. Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu hutoka kwa kitambaa kikavu, lakini chini yake hubaki utando mweusi unaonata, usiokubali kutoka bila sabuni. Vumbi tumelizoea tangu tuzaliwe. Utando huo ni masizi ya dizeli, na watoto wadogo wanaocheza vibarazani wako karibu kabisa na kimo cha mabomba yanayoutoa.

Juni 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kuwa moshi wa dizeli unasababisha saratani ya mapafu kwa binadamu. Ndani ya moshi huo mna chembe zisizozidi maikromita 2.5 kwa kipenyo, ambazo hupita puani na kooni bila kuzuiwa, hufika ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia katika damu. Ndiyo maana ugonjwa wa moyo na kiharusi hutajwa pamoja na pumu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha chembe hizo kutoka wastani wa mwaka wa maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Ni kweli kwamba nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana tangu 2015 kutumia dizeli yenye salfa kidogo, na hilo lilikuwa jambo jema sana, lakini dizeli safi ikichomwa na injini iliyochakaa bado hutoa masizi.

Moshi wa barabara huwa mzito katika mita mia chache za mwanzo kutoka ukingoni, kisha hupungua. Umbali huo mfupi ndio unaoligeuza suala hili kuwa la haki. Mwenye mzigo yuko Kigali au Dar es Salaam, mwenye lori anaishi kwingine, na waliobaki ndani ya mita hizo ni wapangaji wa vyumba vya uani, wauza asali na michembe, mafundi na watoto wao.

Hali hii haiko kwetu peke yetu. Katika mji wa Oakland, jimbo la California, Marekani, barabara kuu ya I-580 inayopita karibu na vitongoji vya wenye nafasi imezuiwa malori yanayozidi takriban tani nne tangu 1963, na malori hayo hulazimika kupita I-880, katikati ya watu wa kipato cha chini walio jirani na bandari. Jimbo hilohilo la California lilitunga sheria mwaka 2003 ya kuzuia shule mpya kujengwa ndani ya takriban mita 150 kutoka barabara zenye magari mengi, isipokuwa kwa masharti maalumu. Nao mchunguzi wa vifo mjini London aliamua Desemba 2020 kwamba hewa chafu ilichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka tisa mwenye pumu aliyeishi jirani na barabara ya South Circular na kufariki Februari 2013. Mama yake aliweza kuupigania uamuzi huo kwa sababu palikuwa na vipimo vya hewa vilivyotunza kumbukumbu za eneo lao. Mzazi wa Nzega ambaye mwanawe anabanwa na kifua kila usiku atashika kumbukumbu gani mkononi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kwa msingi huo naomba mkoa wako ushirikiane na mamlaka ya taifa ya mazingira kufunga vipimo Nzega na Igunga, kiangazi na masika, na matokeo yabandikwe katika ofisi za kata. Halmashauri nazo zihimizwe kutunga sheria ndogo dhidi ya kuacha injini ikiwaka lori likiwa limeegeshwa mbele ya makazi. Eneo jipya la malori lipangwe pamoja na vibanda, maji na vyoo kwa ajili ya mama lishe, kwa maana tukiyahamisha malori peke yake tutakuwa tumewanyang'anya riziki wale tuliosema tunawalinda.

Tunajua reli ya kisasa ya umeme inajengwa kupitia Tabora kwenda Isaka, na siku mizigo itakapohamia humo barabara itapumua. Hata hivyo, watoto wa leo hawawezi kusubiri reli ikamilike.

Naomba majibu ya maombi haya yatolewe katika mkutano wa hadhara hapa Nzega, ufanyike asubuhi, kwa kuwa jioni mama lishe wanakuwa kazini barabarani. Wapo wenye nyumba za mstari wa mbele walio tayari kutoa nafasi ya kufungia kipimo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Nzega Mjini