Manabii wa Mbeya wakubali kupimwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu mitume na manabii, maana hapa Mbeya, ukitoka Uyole hadi Mafiati, hukosi bango lenye picha ya mtumishi na namba ya simu.

Mimi ni mzee wa kanisa katika moja ya makanisa ya zamani. Wazee wenzangu wengi hushika Waefeso 2:20, kwamba mitume na manabii ni msingi, na nyumba haiwekewi msingi mara mbili, hivyo leo hawapo tena. Kwa wale Kumi na Wawili nakubaliana nao: Matendo 1 inataka shahidi aliyefuatana na Yesu tangu ubatizo wa Yohana, na leo hayupo wa kudai hivyo. Lakini Paulo anawaandikia Wafilipi kwamba Epafrodito ni "mtume wenu", yaani mtu waliyemtuma kumpelekea msaada kifungoni. Utume wa namna hiyo tunaujua. Wamisionari Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 walitumwa, na waliowatuma walijulikana. Basi anayejiita mtume atuambie katumwa na kanisa gani, na taarifa anampelekea nani.

Kinachoniuma zaidi ni unabii. Mwaka jana, mvua zikiwa karibu, binti wa marehemu kaka yangu alikuwa ametandaza mbegu ya viazi chumba cha nyuma, imeshachipua. Mtoto wake akaugua kifua. Akaenda kwa nabii mmoja mjini, akatajiwa mbele ya watu kwamba mchawi ni mama mkwe wake, na ili afunguliwe atoe sadaka na kununua mafuta ya upako. Akauza mbegu. Nilipofika niliona sakafu tupu, vichipukizi vilivyokatika vimenyauka juu ya majani makavu, na chupa tatu dirishani, moja tu imefunguliwa. Mtoto alipona kwa dawa ya zahanati. Bibi yake, aliyekuwa akimbeba mgongoni kila siku, hajakanyaga tena ua ule. Nchi hii imezika vikongwe wengi waliouawa kwa neno hilo moja, mchawi, na bado linatamkwa kwenye kipaza sauti.

Je, Mungu amenyamaza? Sisemi hivyo. Filipo alikuwa na mabinti wanne waliotabiri, na Paulo anawaonya Wathesalonike wasitweze unabii. Ila Paulo huyo huyo, 1 Wakorintho 14:29, anataka manabii wanene wawili au watatu, "na wengine wapambanue." Siku ile ukumbi ulijaa watu na hakuna aliyepambanua. Nabii Agabo alipotabiri njaa, wanafunzi wa Antiokia walichanga, kila mtu kadiri ya uwezo wake, na mchango ukapelekwa kwa ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Fedha ilikwenda kwa wenye njaa. Sisi tuliona Moshi, Februari 2020, watu 20 wakifa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, na mabango hayakupungua.

Hata hivyo lawama si ya manabii peke yao. Binti yetu alikuja kwanza kanisani kwetu na mtoto mgongoni, akiomba maombezi. Akaambiwa mchungaji yuko semina, arudi Jumapili. Nilikuwepo, na sikusimama kumwombea. Nabii alimpokea usiku ule ule.

Ninachoomba kwa wachungaji wa Mbeya, wa makanisa ya zamani na ya sasa, ni hiki: nabii akitaja mtu kuwa mchawi, wazee wa kanisa hilo wasimame na kumzuia hapo hapo ibadani. Na mgonjwa akibisha hodi siku ya kazi, mlango ufunguliwe.

Wiki iliyopita nilimpelekea binti yetu madebe mawili ya mbegu. Mama mkwe wake ndiye aliyeichambua, kiazi kwa kiazi, kwenye kibaraza changu. Kuipeleka mwenyewe bado hajakubali.

Mzee wa Kanisa,
Uyole, Mbeya